Nilivyomchora Tumaini na nanga yake kwa dirisha la vioo vya rangi

"Wewe chora tu kama picha ya ukutani, mafundi watajua wenyewe pa kukata." Ushauri huu nilipewa na watu waliosomea sanaa, na mpaka leo unanikera. Pale New College, Oxford, kuna dirisha la fadhila saba lililochorwa na Joshua Reynolds katika karne ya 18. Alipaka rangi za mafuta kwanza, kisha Thomas Jervais akazinakili juu ya vioo. Sura ni nzuri, ila mwanga unapita kwa shida.

Kanisa letu hapa Mombasa lilitaka Tumaini, mojawapo ya fadhila hizo, awe mwanamke mwenye nanga, kwa ajili ya Waebrania 6:19, inayoliita tumaini nanga ya roho. Mwanamke hakunisumbua. Nanga ndiyo iliyonitoa jasho! Kioo hukwaruzwa kwanza, ndipo kivunjwe, na ufa hupenda kwenda moja kwa moja. Ukiutaka upinde ghafla kwenye kona ya ndani, pale mkono wa nanga unapoungana na mti wake, haukusikilizi. Fundi alinionyesha kwa kipande cha majaribio: tak! Ufa ukatoka konani hadi ukingoni.

Hapo ndipo nilipopata wazo ninalojivunia. Nikaizungusha amari, yaani kamba ya nanga, palepale penye kona, kamba ikaificha, na nanga ikagawanyika kuwa mti na mikono bila mtu kuhisi imekatwa. Kwenye ncha zake nikaanzishia mistari ya mawimbi, ili kioo cha bahari nacho kisiwe na kona ya ndani. Kila mstari wa risasi, yaani ukanda wa madini laini unaounganisha vioo, ukawa na kazi yake: kamba, wimbi au mkunjo wa kanzu.

Ukanda huo wa risasi una ukuta katikati unaotenganisha vioo viwili, kwa hiyo acha karibu milimita 2 kati ya vipande. Taji usilitafutie kioo cha njano. Dawa yenye madini ya fedha ikipakwa na kuchomwa tanurini hukipa kioo kisicho na rangi rangi hiyo, na unaokoa pesa, maana vioo vyekundu peke yake vilitumaliza.

Kabla ya kukata chochote, nilibandika selofeni za rangi dirishani saa sita mchana. Buluu ilitapakaa ikameza shavu lake, nikaisogeza mbali na uso.

Na uliza mapema nondo za kuzuia upepo zitapita wapi. Moja ilikuwa ipite machoni. Nikampandisha Tumaini kidogo, ikaangukia kwenye ukosi wa kanzu.