Usiku wa Romeo na Juliet, saa nane mchana

Makundi ya shule hapa Nairobi yakiigiza Romeo na Juliet ya Shakespeare, siku nzima huishia kwenye madirisha ya ukumbi. Mashuka yanatundikwa, maboksi yanabandikwa, na bado jua linapenya. Achaneni na madirisha. Tamthilia hii ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1597, na kumbi za hadhara za London enzi hizo zilikuwa wazi juu. Waliigiza mchana. Usiku uliletwa na maneno na mwenge mkononi.

Kwa hiyo anzeni na mwenge. Moto wenyewe ukumbini hapana. Tochi ndogo iliyozungushiwa karatasi laini ya rangi ya chungwa inatosha. Kwenye karamu ya akina Capulet, ukoo wa Juliet, washikisheni watumishi wanne tochi hizo, kwa sababu Romeo akimwona Juliet anasema binti huyu anaifundisha mienge kuwaka. Pasipo mienge, mstari huo unaning'inia hewani. Halafu anamfananisha na kito kwenye sikio la Mwethiopia. Wengine huukata kwa aibu. Tubishane juu yake, sawa, lakini ndio unaoonyesha jinsi taswira zote zinavyofanya kazi humu: kinachong'aa kinahitaji weusi nyuma yake.

Ndiyo maana jibu la mtihani la "mwanga ni mapenzi, giza ni kifo" ni bovu. Tazama saa. Wanakutana usiku, wanaapiana usiku. Mercutio, rafiki wa Romeo, anauawa mchana, jua la Julai likichoma, baada ya Benvolio, binamu wa Romeo, kuonya kwamba joto linachemsha damu. Juliet anawahimiza farasi wa jua wakimbie ili usiku uingie, na usiku wenyewe anauita mama mwenye heshima aliyevaa nguo nyeusi. Giza linawasitiri, mchana ndio unaowafichua.

Msomaji wa Kiswahili hujikwaa kwenye mwezi. Kwetu kumwita mpenzi mbalamwezi ni sifa tosha. Romeo, chini ya roshani, anamwita Juliet jua na kulitaka limwue mwezi, mwenye wivu na mgonjwa. Juliet naye anakataa kiapo cha mwezi kwa kuwa hubadilika mwezi hadi mwezi. Ukitafsiri, usimpambe huyo mwezi.

Alfajiri nayo ina hesabu yake. Nairobi, toka mwanga wa kutosha kutambua sura ya mtu hadi jua kuchomoza ni kama dakika 20. Verona, mji wa Italia wa tamthilia hii, mwezi wa Julai ni zaidi ya nusu saa, ndipo wawili hao wanapata nafasi ya kubishana kama ndege anayeimba ni wa usiku au wa asubuhi. Mwanga upande polepole katika mabishano yote, usiwashwe kwa swichi. Kama hamna taa za kupandisha, Juliet azime fanusi mwenyewe pale anapokubali kwamba kumekucha.

Kaburini ndiko wengi huharibu. Paris, aliyetaka kumwoa Juliet, anaamuru mwenge wake uzimwe. Wa Romeo hauzimwi. Romeo akishakunywa sumu, fundi wa taa hupenda kuzima kila kitu. Dakika moja baadaye Mtawa Laurence anaingia akiuliza ni mwenge gani ule unaomulika mafuvu yasiyo na macho, na mbele yake hakuna kitu. Uacheni uwake chini, kando ya maiti.