Paa la mama Ngamiani: misumari yangu, papi za fundi

Tarehe 11 Januari. Kaskazi inavuma, mawingu hakuna, na mama kanikumbusha kwa mara ya tatu: "Mwanangu, masika isikukute tena unagawa ndoo." Mwaka jana niligawa nne. Mbili ukumbini, moja chumba cha wageni, na ya nne juu ya kabati la vyombo, ingawa ile ilikuwa beseni.

Kwa asiyeijua nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga: ni ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Marehemu baba aliipaua mwaka 1998 kwa bati za geji 30 (geji ni kipimo cha unene wa bati). Upande wa magharibi bado ni kijivu. Upande wa mashariki, unaopokea chumvi ya bahari, umekuwa mwekundu kama udongo wa Lushoto.

Nilianza kwa kuita fundi. Alisimama barabarani chini ya mwarobaini, ngazi hakuomba, akatazama juu kidogo akasema paa lote limekwisha. Bati zote mpya, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) mpya, ufundi peke yake 650,000. Nilimnunulia soda nikamuaga. Huenda alikuwa sahihi, lakini yule hakupima paa, alipima mfuko wangu. Nikaamua nitafanya mwenyewe.

Tarehe 18 Januari. Leo nimepanda darini saa sita mchana, jua la utosi, nikaziba kidirisha na kukaa gizani mpaka macho yakazoea. Matundu yakajitokeza yenyewe kama nyota. Nimehesabu 23, kila moja nikaliwekea alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu, yaani ubao unaopigiliwa bati. 19 ni matundu ya misumari: raba za chini ya vichwa zimekufa, vichwa vyenyewe vimeliwa na kutu, msumari unacheza. Manne ni bati lenyewe lililokonda.

Kilichoniudhi ni chumba cha wageni. Juu ya lile doa la darini hakuna tundu hata moja! Maji yanaingia karibu na kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, yanateremka kwa chini ya bati, yakifika kwenye papi yanaifuata, kisha yanadondoka zaidi ya hatua moja kutoka yalipoingilia. Mwaka jana nilimwaga kopo zima la lami juu ya doa. Jua liliipasua kabla ya vuli, na maji ya tangi yakawa yananuka, kwa maneno ya mama, "barabara mpya".

Tarehe 25 Januari. Siku ya kupanda juu. Saa za kazi ni chache kuliko nilivyodhani. Saa moja bati lina umande na linateleza kama sabuni, saa tano huwezi kuliwekea kiganja. Katikati hapo unatembea kwa kufuata mistari ya misumari tu, kwa kuwa ndipo papi zilipo. Mpwa wangu alishika ngazi na kunipa nasaha ambazo sikumuomba.

Msumari wa bati hukaa kwenye mgongo, si bondeni ambako maji hupita. Hilo nilijua. Nisilolijua ni nguvu ya nyundo. Sita ya kwanza niliipiga kwa hasira mpaka mgongo ukabonyea na kufanya kibakuli kinachotuama maji, tena kulizunguka tundu lenyewe. Nikaing'oa yote. Raba ikitokeza pembeni kama ulimi, umezidisha. Inatakiwa ikae imebanwa, basi.

Nikaendelea vizuri mpaka mstari wa tatu kutoka kwenye kofia. Pale msumari wa zamani ulitoka kwa vidole viwili. Nikaujaribu wa pili, hivyo hivyo, na ncha yake imebeba unga wa kahawia. Nikateremka, nikapanda darini na bisibisi. Ilizama kwenye papi mpaka kwenye mpini.

"Mjomba, umemaliza?"

Nikamwambia nimemaliza ujuzi. Msumari mpya hauwezi kushika mbao iliyooza, na kubadilisha papi ni kufungua bati, kusimama juu ya kenchi tupu na kurudisha kila kitu katika mstari. Nina mke na watoto wawili.

Tarehe 2 Februari. Fundi wa pili ni mzee wa Makorora. Baada ya shikamoo aliomba vitu viwili, ngazi na nyundo. Alikaa darini karibu saa nzima akigonga kenchi moja moja na kusikiliza. Kenchi ni nzima, akasema. Papi tatu zitoke, bati saba za mashariki zitoke, mengine yaacheni yale chumvi. Ufundi 140,000, vifaa ninunue mimi. Misumari yangu aliikagua yote, akakataa minne.

Nilimbebea mbao siku zote mbili, na pale nimejifunza zaidi kuliko mwezi mzima wa kubahatisha. Bati alinituma geji 28, maana kwenye geji namba ikishuka bati linanenepa. Papi mpya tulizipaka dawa ya mchwa. Halafu akaanza kupiga kutoka kaskazini kuja kusini, kila bati likilalia lililotangulia, ili mdomo wa maungio utazame kaskazini na upepo wa kusi upite juu yake badala ya kuingiza mvua. Miaka yote nimeishi chini ya paa hili, hilo sikuwahi kuliona.

Nilitaka kumalizia kwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti. Alikataa kabisa. "Zinki mpya haishiki rangi hiyo, itabanduka kama ngozi ya nyoka. Liache lipigwe na mvua kwanza."

Tarehe 23 Machi. Imenyesha usiku, kutoka saa nane hadi alfajiri. Mvua ya Tanga haijui ule msemo wetu wa "waja leo waondoka leo", ikija inakaa. Nilizunguka vyumba vyote na tochi. Chumba cha wageni kikavu, kabati kavu, mashariki yote kavu.

Ukumbini, tone moja kila baada ya muda mrefu. Mama alikuwa ameshaliwekea bakuli la uji, amekaa kando yake.

"Hili lako au la fundi?"

Nimepanda darini kutazama alama za chaki. Langu. Kesho umande ukikauka napanda.