Mradi wa Hilux: umeme unakata, honi inalia

Basi zamu hii hatupigi rangi wala hatugusi bodi, maana pikapu imeanza tabia ya kuzima njiani. Ni Hilux ya zamani, dizeli, injini 3L (hilo ni jina la injini, sio lita tatu), kitu cha miaka ya tisini. Unatembea vizuri tu Kilwa Road, ukifika foleni ya Mtongani dashibodi inafifia, waipa zinagoma, injini inazima kimya kama mtu kachomoa funguo. Ukikaa pembeni kidogo unapiga stata inawaka kama hamna kilichotokea.

Dizeli kuzima kwa sababu ya umeme kuna watu wanabisha, wanasema dizeli haina plagi za kutoa cheche. Kweli haina, ila kwenye pampu ya nozeli kuna kile kisolenoidi cha kuruhusu mafuta, kinashikiliwa na umeme wa swichi ya funguo, ukikosekana mafuta yanafungwa na gari imekufa.

Fundi wa kwanza kasema betri. Mwingine kasema alteneta, kaboni zimeisha. Wa pale jirani kasema swichi ya funguo, na anayo yuzd "safi kabisa boss wangu". Sikununua kitu. Nilichofanya ni kusubiri izime tena halafu nikaangalia nini kimekufa na nini kipo hai, na hapa ndo utamu ulipo. Taa kubwa zinawaka kali, honi inalia mpaka bodaboda wanageuka, hazadi zinafanya kazi. Indiketa hamna, waipa hamna, feni ya ndani hamna, dashibodi hamna. Sasa betri ingekuwa imekufa hizo taa kubwa zingewashwa na nani? Kwenye hii gari vilivyokufa vyote vinapita kwenye swichi ya funguo, vilivyo hai havipiti huko, kwa hiyo tatizo lipo kwenye swichi au kwenye njia inayoiletea umeme, kwingine kote nikakufuta.

Jumamosi nikatoa mita. Kupima volti bila mzigo, yaani bila kuwasha vitu vinavyokula umeme, ni kujidanganya, waya uliobaki na uzi mmoja utakuonyesha 12.5 safi kabisa kwa sababu hamna umeme unaotembea, ukiuwekea mzigo ndo unaumbuka. Nikafungua plastiki za chini ya usukani, nikapima waya unaoingia kwenye swichi, funguo imezimwa: 12.5. Nikawasha funguo, waipa, feni namba ya mwisho: 7.9! Na betri yenyewe muda huohuo inasoma 12.3, nimeshika kwenye nguzo ya betri yenyewe sio kwenye klempu. Umeme unafika swichini ukiwa umeshapungua, kwa hiyo swichi haina kosa, na ile yuzd ya jirani ingeniacha palepale.

Kutoka hapo ni kurudi nyuma kwa waya. Kwenye teminali ya chanya kuna vile viwaya vifupi vya fyuzi, vimetengenezwa vyembamba kuliko waya vinazozilinda ili ikitokea shoti viungue vyenyewe kabla gari haijashika moto. Kile kinachoenda swichini kina soketi ya plastiki. Kabla ya soketi 12.3, baada ya soketi 8.1. Volti 4.2 zinapotelea kwenye kitu kirefu kama kidole! Tuseme zinapita ampea 8, hizo ni karibu wati 34 za joto, pasi ya lehemu kabisa imefungiwa ndani ya plastiki. Ndo maana ikipoa inarudi.

Nikaichomoa: plastiki imekuwa kahawia, pini moja imelegea, shaba imeota kijani. Gari imelala Kigamboni miaka karibu na bahari, chumvi haina huruma.

Mtaa wa Gerezani, Dar, nikapata kiwaya cha fyuzi cha saizi ileile na soketi mpya yenye mikia ya waya. Muuzaji mmoja ananiambia weka waya wa kawaida mnene, hautaungua tena. Hautaungua ndiyo, itaungua harnesi nzima, yaani fungu lote la nyaya za gari, na mimi ndani. Nikakata waya wa zamani mpaka nikakuta shaba inayong'aa, nikabana, nikavalisha mpira wa kusinyaa, grisi kidogo kwenye soketi.

Vipimo vya jioni na mzigo uleule: swichini 12.1. Injini ikiwaka betri inasoma 14.1, kwa hiyo alteneta nayo tumeisingizia. Waipa sasa zinakimbia, sikujua kama zina spidi ya pili.

Kilichobaki ni ethi ya injini, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Wakati wa kupiga stata napata volti 0.9 kati ya bloku na nguzo hasi ya betri, hiyo ni nyingi, ningependa iwe chini ya 0.3. Mkanda wake wa shaba umeliwa kwenye bolti ya chesisi na bolti imeota kutu haitaki kutoka, nimeilowesha dawa ya kutu. Mwenye kujua wapi wanauza ule mkanda wa kusuka aniambie.