Jinsi nilivyoweka makala zangu wazi bila kulipa ada

Makala yangu ya kwanza ya kisayansi ilitoka mwaka 2017 katika jarida moja la kulipia la Ulaya, na miezi michache baadaye nilishindwa kuifungua. Mchapishaji alikuwa amenitumia kiungo cha muda cha kusomea bure, lakini muda huo ulikwisha nikiwa uwandani, na niliporudi maktabani na kubofya kichwa chenye jina langu mwenyewe, ukurasa ulinitaka nilipe dola 39.95 kwa nakala moja. Chuo chetu hakikuwa kimejisajili na jarida hilo, wala sikuwa na hamu ya kununua kazi niliyoiandika mwenyewe bila malipo.

Utafiti ulihusu joto la maji katika mashamba ya mwani ya pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo hicho kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na ambako wakulima walio wengi ni wanawake. Tatizo lao linafahamika: kotonii, mwani wenye bei nzuri zaidi, hudhoofika na kukatika maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi, na mkulima hubaki na spinosamu, ambayo ni stahimilivu lakini bei yake ni ndogo. Kwa misimu miwili nilifunga vipimajoto kwenye vigingi vyao, nikawa nafika kila bamvua, maji yanapokupwa vya kutosha mtu kutembea hadi shambani. Mwaka uliofuata, bibi mmoja ambaye shamba lake ndilo nililolitumia zaidi aliniuliza, "Mwanangu, zile hesabu ulizokuwa ukizichukua huku kwetu ziliishia wapi?" Nilimjibu kwamba zimechapishwa. Akasema vizuri, basi nimletee, mjukuu wake aliyemaliza kidato cha sita atamsomea. Sikuwa na cha kumpelekea.

Nilirudi kwenye barua pepe zangu kutafuta hati niliyoitia saini makala ilipokubaliwa. Nakiri kwamba niliitia saini bila kuisoma, kwa furaha ya kukubaliwa. Kwa hati ile nilikuwa nimemhamishia mchapishaji hakimiliki yote, pamoja na haki ya kutafsiri. Hata hivyo, kifungu kimoja karibu na mwisho kilinibakishia ruhusa ya kuweka muswada uliokubaliwa katika hifadhi ya kidijitali ya chuo changu baada ya miezi 12. Mkutubi wetu, aliyenisaidia kuielewa lugha ile ya kisheria, alinionyesha pia Sherpa Romeo, tovuti iliyokuwa ikikusanya masharti ya wachapishaji kuhusu suala hilohilo: uliandika jina la jarida, nayo ilikueleza ni toleo gani la makala unaloruhusiwa kuliweka wazi, mahali gani na baada ya muda gani.

Hapo ndipo nilipojifunza kutofautisha matoleo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha darasani. Kuna muswada unaoupeleka mwanzo, kabla wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kwa niaba ya jarida, hawajausoma. Kuna muswada uliokubaliwa, ambao umekwisha kurekebishwa kufuatana na maoni ya wahakiki lakini bado ni faili lako la kawaida, lenye nafasi pana kati ya mistari na michoro iliyorundikwa mwishoni. Kisha kuna toleo la mchapishaji, lililopangwa kwa safu mbili, lenye nembo na namba za kurasa. Wachapishaji wengi wa majarida ya kulipia huruhusu lile la pili na kukataza la tatu, na kwa msomaji anayetafuta matokeo tofauti ni ndogo mno. Taabu yangu ilikuwa kwamba kompyuta niliyoandikia ilikuwa imekufa. Baada ya siku mbili za kutafuta niliupata muswada huo umeambatishwa kwenye barua niliyomtumia msimamizi wangu, ukiwa na jina "mwisho_kabisa_2". Miezi 12 ilipotimia niliuweka kwenye hifadhi ya chuo, na baada ya muda si mrefu Google Scholar, mtambo wa kutafutia makala za kitaaluma, ikaanza kuonyesha kiungo chake kando ya kile cha mchapishaji. Tangu hapo, siku makala inapokubaliwa ndiyo siku ninayohifadhi faili hilo katika sehemu tatu.

Wenzangu kadhaa waliniuliza kwa nini nilijisumbua ilhali kuna Research4Life, mpango uliotokana na HINARI iliyoanza mwaka 2002 kwa ajili ya afya na AGORA iliyofuata mwaka 2003 kwa ajili ya kilimo, ambao huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia bure au kwa bei nafuu. Mpango huo nimeutumia sana na nausifu. Lakini nywila yake hupewa taasisi iliyosajiliwa, kwa hiyo humsaidia aliye chuoni, na bibi yule na mjukuu wake hawakuwa chuoni.

Kwa makala ya pili, mwaka 2021, niliamua kwenda moja kwa moja kwenye jarida la ufikiaji huria, yaani ambalo yeyote hulisoma bure mtandaoni. Azimio la Budapest la mwaka 2002 lilitaka makala za kisayansi zisomwe, zipakuliwe, zinakiliwe na kusambazwa na mtu yeyote bila kizuizi cha fedha, na kwa upande wa msomaji majarida haya yametimiza hilo. Gharama, hata hivyo, katika majarida mengi imehamia kwa mwandishi. Mwaka huohuo jarida la Nature lilianza kutoza euro 9,500 kwa makala moja ya ufikiaji huria. Jarida nililolichagua mimi lilitoza chini kidogo ya dola 2,000, nami sikutishika, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kwamba watafiti wa Tanzania husamehewa ada.

Nilichokuwa sikukijua ni kwamba kila mchapishaji ana orodha yake ya nchi. Huyu alisamehe ada yote kwa nchi ambazo Benki ya Dunia inaziita za kipato cha chini, na Tanzania ilikuwa imetoka katika kundi hilo tarehe 1 Julai 2020, ilipoingizwa kwenye uchumi wa kati wa ngazi ya chini. Habari ile ilishangiliwa nchi nzima, nami nilishangilia pia, nisijue kwamba itanifikia kwa njia ya ankara. Nilipewa punguzo la nusu, na nusu iliyobaki ilizidi shilingi milioni mbili, wakati mradi wetu ulikuwa umebakiwa na fedha za mafuta ya boti tu.

Niliiondoa makala kabla haijapelekwa kwa wahakiki, nikatafuta jarida ambalo msamaha wake hufuata makundi ya nchi ya Research4Life, ambayo huzingatia pia orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, ambamo Tanzania ilikuwa bado imo. Huko msamaha ulikuwa kamili. Ilibaki nizingatie mambo mawili. Maombi hupelekwa wakati wa kuwasilisha makala, kwani wachapishaji wengi hawayasikilizi makala ikishakubaliwa. Pia baadhi ya majarida hutazama anwani ya mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida kwa niaba ya wenzake, mengine ya waandishi wote. Msimamizi wangu, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Norway, alikuwa amezoea kushika nafasi ya mawasiliano katika kila makala yetu. Nilimwandikia kwa adabu nikimweleza kwamba anwani yake ingetugharimu, naye alijibu kwa mstari mmoja: "Chukua, Mwalimu."

Katika kipindi hichohicho nilipokea barua kutoka kwa jarida nisilolijua, iliyoniita Profesa Mashuhuri na kuniahidi uhakiki wa saa 72 kwa dola 150. Nilivutika kwa dakika chache, sitasema uongo. Kisha nikakumbuka jaribio lililochapishwa na jarida la Science mwaka 2013, ambapo makala ya kubuni yenye makosa ya wazi ilipelekwa kwa majarida 304 ya ufikiaji huria yanayotoza ada, na 157 kati ya hayo yakaikubali. Nililitafuta jarida lile katika DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyochunguzwa, sikuliona, nikaifuta barua.

Makala ya pili ilitoka chini ya leseni ya Creative Commons inayomtaka mtumiaji jambo moja kubwa, yaani kumtaja mwandishi na chanzo na kusema kama amebadilisha kitu. Kwangu hilo lilikuwa na thamani kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kwa makala ya kwanza nisingeweza kutoa tafsiri bila kuomba idhini ya kuitafsiri kazi yangu mwenyewe. Safari hii niliketi jioni tatu, nikaandika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, nikaupachika mchoro wa joto la maji kwa kila mwezi, na chini yake jina la jarida na la leseni. Nikampelekea bibi yule wakati wa bamvua.

Aliuangalia mchoro kwa muda, akauliza kama mjukuu wake anaruhusiwa kwenda kutoa kopi mjini ili wenziwe nao wapate.

"Anaruhusiwa, Bibi. Hata mia moja."

"Na hao wenyewe jarida hawatakuja kudai?"

"Hawatadai."

Nilipofika tena, karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo ya banda la kuhifadhia mwani. Ilikuwa nakala ya nakala, jina la jarida likisomeka kwa taabu, na nyuzi za joto za Februari na Machi zilikuwa zimefifia kiasi kwamba mtu alikuwa amezipitishia kalamu ya wino wa buluu.