Saa 6 ya nani?

Mama mmoja alifika stendi ya Mbezi saa tano na nusu mchana, mjukuu mgongoni, kiroba cha nazi mkononi. Basi lake la Mbeya lilishaondoka alfajiri. Akanionyesha simu: "Mwanangu, si mmeandika saa 6?"

Kweli tuliandika. "Saa 6:00", kwa maandishi ya kijivu niliyoyachagua mwenyewe. Simu yake ikionyesha 06:00 huisoma saa kumi na mbili bila shida. Kilichompoteza ni lile neno "Saa" nililolibandika mbele nilipokuwa nageuza programu ya tiketi kutoka Kiingereza. Saa 6 kwetu ni jua la utosi.

Nawaandikia hili ninyi mnaoniuliza namna ya kuingia kwenye kazi ya kusanifu violesura, yaani skrini na vitufe ambavyo mtu huviona na kuvigusa kwenye programu. Karibu wote mnaanza na laptopu gani, kozi gani. Figma, programu ya kuchorea skrini hizo, inafunguka kwenye kivinjari na unaweza kuanza bure. Mimi nilijifunzia kwenye laptopu ya mtumba. Kuchora vitufe utajua. Kilichonichukua miaka ni kukaa pembeni ya mtu anayetumia nilichochora, na kunyamaza.

Tulibadilisha ikawa "Saa 12:00 alfajiri", na chini yake "Fika stendi saa 11:30". Nikarudi Mbezi, nikawaomba abiria watano waishike simu. Sikuwauliza kama wameipenda. Niliuliza, "Ukikata tiketi hii, utaamka saa ngapi?" Wote walijibu sawasawa, ila wa tatu, mzee mmoja, alikinga kioo kwa kiganja na kukisogeza hadi puani ndipo akasoma. Kile kijivu! Mwongozo wa WCAG, wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote hata wenye uoni hafifu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na rangi ya nyuma yake angalau 4.5 kwa 1. Namba hiyo niliijua siku zote, lakini ndani ya ofisi yenye kiyoyozi kila kitu kilisomeka. Jioni ile nikaweka nyeusi.

Nikiomba kazi, ninachotanguliza ni skrini hizo mbili, ya zamani na mpya, pamoja na kisa chake. Bosi wangu wa sasa alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza yule mama alisafiri lini.

Kesho yake, saa 12 alfajiri.