Karatasi ya chumba cha kufulia

Jumanne nimekuta karatasi imebandikwa mlangoni mwa chumba cha kufulia cha jengo letu huku Sweden. Eti kuna mtu kaacha vumbi la nguo kwenye chujio la mashine ya kukaushia, na humu hatuishi zizini. Mwandiko naujua: ni wa bibi wa mlango wa pili, ambaye miaka 3 namwamkia ananijibu kwa kidevu. Jamani, si angegonga tu anitukane? Kwetu Tandika, Dar es Salaam, angenitukana mbele ya watu, na jioni angekuja kuomba chumvi.

Kwa hasira usiku nikaangalia filamu ya Persona ya Ingmar Bergman, ya 1966, ambayo mwalimu wangu wa Kiswidi kanisumbua nayo sana. Mwigizaji Elisabet, yaani Liv Ullmann, ananyamaza katikati ya tamthilia ya Elektra, na tangu hapo hasemi. Si bubu, kaamua. Anapewa muuguzi, Alma, yaani Bibi Andersson (Bibi ni jina lake), wanakwenda kukaa wawili kwenye nyumba ya pwani. Basi Alma anaongea huyo! Anatoa mpaka siri za aibu, mwenzake anamtazama tu. Kumbe Elisabet kamwandikia daktari barua, na bahasha hakuifunga, Alma akaisoma: mle anasema inamfurahisha kumchunguza Alma.

Hapo nikasimamisha filamu. Yule Alma ni mimi. Nahudumia wazee majumbani. Nikimwogesha asiyesema, namsimulia ada ya mdogo wangu, kiwanja cha Chanika, mpaka mume aliyeniacha. Kimya cha huku kinakuchokonoa ulimi, halafu hujui kwenye lile daftari la huduma kaandikwa nani.

Nyie mnaouliza njia ya kuja Sweden: baridi dawa yake koti, na lugha utafundishwa bure. Tafuta kwanza mtu wa kupiga naye soga, hata kama ni Mrundi wa mji wa tatu.

Baadaye Bergman anaunga nusu ya uso wa huyu na nusu ya uso wa yule, hujui tena muuguzi ni yupi. Na neno ambalo Alma anamtamkisha Elisabet mwishoni ni moja tu, ingenting, yaani hamna kitu.

Alhamisi mama kapiga simu. Kasimulia msiba, harusi, bei ya sukari, mimi kimya nakunja nguo.

"Mwanangu, mbona siku hizi huongei? Una nini?"

"Hamna kitu, mama."