Nani Anamgeuza Usiku?

Kigoma, Jumapili usiku

Filamu ya Me Before You ilitoka mwaka 2016 na mpaka leo inaliza watu. Will, kijana tajiri wa Uingereza, anagongwa na pikipiki London. Uti wa mgongo unaumia, mwili unapooza kuanzia shingoni, anabaki na vidole vinavyotikisika kidogo tu. Amewaahidi wazazi wake miezi 6, kisha ataenda Uswisi, kwenye shirika la Dignitas, akasaidiwe kufa kwa hiari yake. Louisa anaajiriwa kumchangamsha, wanapendana, na Will anakwenda vilevile.

Mwisho ule unauma, lakini kuna jambo linalouma zaidi: filamu nzima haina usiku. Kuna gauni jekundu, kuna ufukwe wa Mauritius. Kazi ya mwili ameachiwa Nathan, muuguzi wa kiume, nayo hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba ulemavu wenyewe ndio uliomchosha Will, na kwamba mapenzi ni kumtazama mtu machoni.

Huku kwetu walioumia uti wa mgongo hawaumii kwa pikipiki tu. Mkwezi wa michikichi hupanda mita 10 na zaidi, kamba kiunoni, panga mkononi. Kamba ikikatika au ikiteleza, anaangukia mgongo. Kosa la kwanza hutokea palepale chini ya mti: anainuliwa kwa mabega na miguu, mgongo unapinda katikati, kisha anapakatwa kwenye bodaboda. Atafutwe ubao au mlango. Mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine watatu wamviringishe kwa pamoja kama gogo, na aliyeshika kichwa ndiye ahesabu.

Baada ya hapo ndipo saa mbilimbili zinapoanza. Asiyehisi mwili wake hajui kwamba amelalia nyonga muda mrefu. Mfupa unabana nyama, damu haipiti, na nyama inaanza kufa kutokea ndani kabla ngozi haijachubuka. Kwa hiyo anageuzwa kila baada ya saa 2: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto, mito mgongoni na katikati ya magoti, visigino vikining'inia bila kugusa godoro. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pitisha mgongo wa kiganja: panapochemka, palipokaza au palipokolea weusi ni hatari, na pasilaliwe mpaka patulie. Usipasugue. Na ile pete ya tairi la ndani ambayo ndugu humtengenezea akalie, kwa nia njema kabisa, huzuia damu kuuzunguka mfupa na kuleta kidonda kilekile walichokuwa wanakikimbia.

Mara 12 kwa siku. Kwa anayelala tu kwenye godoro la sponji, ile miezi 6 ya Will ni kugeuzwa zaidi ya mara 2,000.

Dokta Ludwig Guttmann alifungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wakati wengi wa majeruhi hao walikuwa wakifa mapema kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Aliagiza wageuzwe kila saa 2, usiku na mchana, na kibofu kitunzwe kwa usafi. Wakaishi. Mwaka 1948 baadhi yao walikuwa wakishindana kulenga shabaha kwa upinde, na huko ndiko Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, ilikozaliwa. Kila nikifikiria "haki ya kufa" namkumbuka daktari huyu, maana kabla yake hakuna aliyewauliza watu hawa kama wanataka kuishi. Walikufa tu.

Kibofu nacho kina masharti. Anayetolewa mkojo kwa mpira wa kuingiza na kutoa, ni mara 4 hadi 6 kwa siku, mikono ikiwa imeoshwa, na kibofu kisizidi mililita 500. Mwenye mpira wa kudumu, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, na asinyimwe maji eti apunguze kazi. Mkojo mzito huziba mpira, na mpira ulioziba unaweza kuua. Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya 6 ya usawa wa kifua kwenda juu, kibofu kikijaa presha hupanda ghafla: kichwa kinagonga, uso unatoka jasho. Muuguzi asiyejua atapima 140 na kusema si mbaya sana, kumbe mtu huyu kawaida yake ni 100. Mkalishe, legeza nguo, kagua kama mpira umejikunja, kisha angalia kama choo kimekwama. Asipopata nafuu mara moja, hospitali.

Mwezi Mei 2016 watu wenye ulemavu waliandamana London siku ya uzinduzi wa filamu hii. Naona walikuwa na haki. Will ana kasri, ana gari, ana muuguzi, na bado filamu inaona kufa kwake ni jambo la kueleweka upesi. Basi kijana wa Ujiji aonwe vipi? Naiheshimu zaidi filamu ya Mar adentro ya mwaka 2004, habari za Ramón Sampedro wa Hispania, aliyepooza mwaka 1968 akiwa na miaka 25 na kuomba mahakamani asaidiwe kufa. Mwisho wake sikubaliani nao, lakini ndani yake yumo shemeji mtu aliyemhudumia miaka na miaka, na mikono yake inaonekana.

Sheria ya Uswisi iliyoanza kutumika mwaka 1942 haimwadhibu anayesaidia bila kujitafutia faida. Kwetu ni kosa la jinai. Hata hivyo maneno yenyewe husemwa, tena mara nyingi: "Niacheni nipumzike." Ndugu hukimbilia kukemea au kulia. Akae mtu mmoja karibu, aulize waziwazi kama anafikiria kujiua, asimwache peke yake, na daktari aambiwe. Kisha aulize mengine, polepole: Unaumwa wapi? Umelala jana? Kuna kidonda unachoficha? Ni aibu ya mkeo kukusafisha choo? Ni ada ya watoto? Maumivu ya neva yana dawa. Choo kina ratiba: saa ileile kila siku, dakika 20 hadi 30 baada ya kula, glovu na mafuta ya kulainisha, na si lazima awe mke. Saa nane za usiku zinaweza kuwa za kaka, saa kumi za binamu, yakaandikwa majina ukutani pembeni ya kitanda, kwa makaa kama kalamu hakuna.